Eti Kiswidi na Kimaori ni ndugu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Malmö huku Uswidi, nasoma Kiswidi, na mchumba wangu ni Mmaori wa New Zealand. Kuna video imetumwa kwenye grupu, jamaa anasema Kiswidi na Kimaori asili yao moja, eti walitawanywa na mabaharia wa kale. Mifano yake: mto kwa Kiswidi ni å, kwa Kimaori awa. Tatu ni tre na toru. Halafu anauza kozi, ukishajua Kiswidi unamaliza Kimaori kwa wiki mbili. Nilipie?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa mchumba. Usilipe.

Kiswidi nduguze ni Kidenmaki na Kinorwe, ukipanda juu zaidi unawakuta Kijerumani, Kilatini mpaka Kihindi na Kiajemi. Kimaori ni cha visiwani, watu wake walifika New Zealand kwa mitumbwi karne ya 13 hivi, nduguze ni Kitahiti, Kihawaii, Kisamoa, na kwa mbali Kimalei na hata Kimalagasi cha hapo Madagaska. Mwaka 1769 Cook, nahodha wa Kiingereza, alipotia nanga New Zealand alikuwa na Tupaia, mtu wa Raiatea karibu na Tahiti, na yule bwana akaongea na Wamaori wakaelewana, wakati Mzungu amesimama pembeni haambulii kitu.

Sasa hiyo å na awa, ndio ugonjwa ninaoletewa kila siku. Mtu anaona maneno mawili yamefanana sura na maana, basi keshapata undugu! Ni sawa na kumkuta mtu Kariakoo ana pua kama ya mjomba wako ukaanza kumdai urithi. Na huyo jamaa hata uongo wenyewe hajaupamba vizuri, angejua Kigothi, lugha iliyokufa zamani ya ukoo wa Kiswidi, angewaambia kwamba Wagothi mto waliita ahwa. Ahwa na awa! Hapo grupu zima lingepiga makofi. Lakini sisi tunaochunguza lugha, neno la leo hatulitazami sura tu, tunalirudisha nyuma tuone lilikotoka, na å ukiirudisha unaishia kwenye maji, ni ukoo mmoja na aqua ya Kilatini. Awa ukiirudisha unaishia baharini, kwa Kisamoa ava ni ule mlango kwenye mwamba wa matumbawe ambapo chombo kinapita, kwa Kihawaii awa ni bandari. Kila ukirudi nyuma maana zinazidi kuachana. Maneno ya ukoo mmoja ukirudi nyuma yanasogeleana.

Na hiyo tatu mbona kaishia hapo hapo? Nne ni fyra na whā, tano fem na rima, saba sju na whitu, nane åtta na waru. Kachagua namba moja inayompendeza nyingine kazificha. Undugu unaonekana kwa sauti kubadilika kwa utaratibu, tena mara nyingi mpaka unachoka kuhesabu: r ya Kimaori kwa Kisamoa ni l, kwa hiyo rua ni lua, toru ni tolu, rima ni lima, waru ni valu. Kiswidi nacho hivyo hivyo na Kilatini, t huku inakutana na d kule, två na duo, tio na decem, tand (jino) na dentem. Mwambie akuletee mstari kama huo kati ya Kiswidi na Kimaori, hana na hatakuwa nao.

Kufanana kwa bahati kupo kwingi mno. Kimaori kina konsonanti kumi tu na irabu tano, na silabi zake zote zinaishia na irabu kama nyingi za kwetu, sasa maneno mafupi yatakosaje kugongana na ya watu wengine? Kulikuwa na lugha ya wenyeji wa Queensland, Australia, ikiitwa Kimbabaram, sasa imekufa, mbwa walimwita dog, vile vile kama Mwingereza, na wala hawakukopa, limetoka kwenye gudaga yao wenyewe likakatwa kichwa na mkia. Au chukua wiki. Kimaori wiki ni wiki, na tangu 1975 wana Te Wiki o te Reo Māori, wiki ya lugha yao, ila hapo sisi na wao wote tumekopa kwa Mwingereza.

Tena uzushi huu ni mzee. Mwaka 1841 Franz Bopp, mtu mkubwa kabisa kwenye fani yetu, alijaribu kuunganisha lugha za Kimalei na Kipolinesia na zile za Ulaya na India, akachemsha. Mwaka 1885 Edward Tregear kule New Zealand akatoa kitabu kizima kwamba Wamaori ni Waarya, yaani ukoo mmoja na watu wa kale wa India na Ulaya, eti ndani ya maneno yao kuna kumbukumbu za ng'ombe, wakati kule ng'ombe walikuja na Wazungu.

Msicheke sana maana hata kwetu wapo. Kila mwezi naletewa orodha ya maneno ishirini kuthibitisha kabila fulani limetoka Misri ya Mafarao au ni Waisraeli waliopotea, na wale wa Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu ya sita, saba na tisa, ukiwauliza moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi wanabadilisha mada. Namba zinakopwa jamani. Hata ng'ombe wa Kimalagasi, omby, katoka kwa Wabantu wa upande wetu na hakuna aliyesema Kimalagasi ni Kibantu.

Turudi kwako. Kiswidi kwenye Kimaori hakitakubeba sana. Kiswidi kitenzi kinakaa nafasi ya pili, Kimaori kitenzi kinatangulia. Kiswidi kinagandisha ile "the" ya Kiingereza mwishoni, bil inakuwa bilen, Kimaori kinaweka te mbele. Kiswahili ndicho kitakusaidia matamshi, ng yao ni ile ya ng'ombe na irabu ni zetu tano, ila zingatia ndefu na fupi. Pa kutoa jasho ni "sisi": tātou ni sisi pamoja na wewe, mātou wewe haumo, tena mkiwa wawili tu yapo mengine, tāua na māua, ukikosea mbele ya wakwe unaweza kujikuta umemtoa mtu kwenye familia. Kamusi ya Te Aka ipo bure mtandaoni na ina sauti, na mwalimu unaye hapo nyumbani.