Ng'oa Matete ya Katikati ya Mto, Acha ya Ukingoni

Tunaolima kando ya mto Nyando, magharibi mwa Kenya, kuanzia Ahero kuteremka hadi Ziwa Victoria, huanza kuuhofia mto Aprili. Nawasihi majirani waanze kuutazama Januari, maji yanapopungua na mafungu ya mchanga yakaonekana katikati.

Matete huota upesi juu ya mchanga huo. Yakiwa machanga, mkono unayang'oa, na maji ya mvua ndefu huyazoa bila shida. Ikipita misimu miwili mitatu bila maji ya nguvu, mizizi hushikana na mto hauyawezi tena. Mashina hupunguza mwendo wa maji, tope linatua, fungu linainuka. Chimba kando ya fungu la namna hiyo kwa jembe: chini kuna mchanga wa chembe kubwa, juu yake udongo laini, tabaka kwa tabaka, na mizizi mikavu ya matete yaliyofukiwa yakiwa hai. Baadaye huja vichaka, kisha miti. Mto unabanwa, nao unatafuta njia kwa kuula ukingo wa ng'ambo. Jirani yangu amepoteza migomba yake yote ya mbele kwa sababu ya kisiwa ambacho si chake wala hakukipanda.

Lakini usitoke hapo na panga kufyeka kila jani. Mimea ya ukingoni ndiyo inayoshika udongo. Ukiiondoa, shamba litaondoka nayo. Kanuni za maji za 2007 zilitenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na upana wa mto, na kwangu hiyo ni kinga ya mkulima kabla ya kuwa katazo. Kinachohitaji kuondolewa ni kile kinachoota ndani ya mkondo, tena kingali kichanga.

Uking'oa, toa na mizizi yake. Mzizi wa tete una vifundo, na kila kifundo kina jicho jeupe. Kipande cha urefu wa kidole kikibaki kwenye unyevu kinaota upya, kwa hiyo peleka yote mbali na maji yakaukie juani. Usipande nepia kwenye fungu la mchanga hata kama ng'ombe wana njaa, maana hufanya kazi ileile ya matete. Visiwa vilivyokomaa usiviguse peke yako: pitia chama cha watumiaji maji, mpate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwani tingatinga likichimba vibaya hapa, wa chini ndiye anayefurikiwa.

Piga picha kila kiangazi ukisimama palepale, daraja la Ahero panafaa. Picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth zitakuonyesha miaka ambayo hukupiga.

Kuna jambo linalonikosesha usingizi. Mto Platte huko Nebraska, Marekani, ulikuwa mpana, wa mchanga mtupu. Mabwawa ya juu yalipopunguza mafuriko, miti ikateka mchanga, mkondo ukawa mwembamba, na leo watu hutumia mashine kuifyeka ili ndege aina ya korongo wapate pa kulala. Bwawa la Koru-Soin, huko juu kwenye Nyando yetu, limepangwa kutupunguzia mafuriko, nami nalitaka. Basi wahusika watuambie mapema ni maji kiasi gani yataachiliwa kila msimu, na kwa nguvu gani, ili yazoe machipukizi yetu.