Msemeshe Mungu kwa lugha unayonunulia nyanya

Kwa miaka mitatu nilisali kama mtu anayekimbilia matatu. Siduri, kitabu chetu Wayahudi cha sala, iko mkononi, Kiebrania kinatiririka, akili iko kwenye kodi ya nyumba. Amida, sala tunayoisali kwa kusimama kimya, nilikuwa naimaliza jirani yangu sinagogini hajafika katikati, na nikajiona hodari.

Ukavu ulipozidi nikajiandikisha kwenye darasa la kutafakari mjini. Ule utulivu ulinisaidia, sikatai, ila kila nikifumba macho nilijihisi mgeni kwenye sebule ya watu. Kumbe kwetu jambo hili lipo tangu kale. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, katika sehemu ya Berakhot, inasimulia wacha Mungu wa zamani waliotulia saa nzima kabla ya kusali ili waelekeze mioyo.

Kilichonishika zaidi ni hitbodeduti, yaani kujitenga peke yako ukazungumza na Mungu. Rabi Nachman wa Breslov (1772–1810), mwalimu wa Kihasidi, yaani wa vuguvugu la uchaji la Wayahudi, huko Ukraine, aliwahimiza wafuasi wake watenge saa moja kila siku kwa kazi hiyo, wakitumia lugha yao ya nyumbani. Kwao ilikuwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Alieleza kwamba Kiebrania hatukukizoea katika mazungumzo, kwa hiyo moyo haufuati maneno kwa urahisi.

Hapo nilicheka. Mimi nilikuwa namlilia Mungu kwa lugha nisiyoweza kununulia hata nyanya! Na Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale, Uganda, huimba Zaburi kwa Kiganda. Nilishawasikia, nikafurahia sauti tu bila kupata somo.

Ukitaka kujaribu, usianze na saa nzima. Mimi nilianza nayo, nikasinzia kitini. Dakika kumi zatosha, baada ya sala ya asubuhi na si badala yake. Hapa sitanii: nilipoiacha siduri kwa muda, niligeuka mtu wa kulalamika tu. Tafuta mahali pasipo na watu. Rabi Nachman alipenda mashambani, kwenye majani. Mimi sina shamba, hupanda juu ya paa la ploti penye kamba za nguo. Utaona aibu mwanzoni. Sema kwa sauti hivyo hivyo, maana mawazo ya kimya huishia kwenye bei ya unga. Taja mambo madogo kwa majina yake: lile neno ulilomtupia mkeo jana, deni unalomkwepa mwenyewe, wivu.

Na maneno yakikauka? Mwalimu huyo anasema hata neno moja ni jema. Lishike hilo, ulirudie, hata kwa siku kadhaa, mpaka kinywa kifunguke.

Wiki jana neno langu lilikuwa “nimechoka”. Siku nne, hilo tu. Mama mmoja aliyekuwa akianika mashuka alidhani naongea na simu, akaondoka polepole kwa adabu. Siku ya tano nikaanza kueleza nimechoshwa na nini, dakika kumi zikapita, ishirini zikapita, nikachelewa kazini.