Weka chini hiyo togwa kwanza

Mkuu umesema una sukari, wiki ya pili sasa umeacha ugali na wali, na umeagiza togwa (kile kinywaji cha uji wa mahindi na kimea) lita tano toka Songea "kwa sababu imechachushwa, wanga wote umeshaliwa na bakteria". Nilipofika hapo nikaacha kusoma, maswali yako ya mtindi upi na achari nimeyarudia baadae. Usiinywe. Anayekwambia kainywa wiki tatu mfululizo, nusu lita asubuhi nusu lita jioni, na kujiona mjanja kuliko madaktari wote wa mkoa.

Hiyo sentensi yako naijua neno kwa neno manake na mimi niliuziwa. Kuna jamaa anajiita mwalimu wa lishe, ana grupu la WhatsApp, kiingilio elfu thelathini, nikalipa kama mwenye akili timamu. Akatuambia kilichochacha hakina wanga. Basi mimi mtoto wa Ruvuma, togwa nimenyweshwa kabla sijaota meno, nikasema Mungu si Athumani, nimenyang'anywa ugali nimerudishiwa togwa.

Wakati naanza, asubuhi kabla ya kula mashine ya kupimia sukari ilikuwa inasoma 7 na pointi (mmol/L). Wiki moja baadae 9. Nikauliza kwenye grupu, akajibu "hizo ni sumu zinatoka, ongeza dozi". Dozi ya togwa! Na mimi nikaongeza, hapo ndo panaponiuma mpaka leo. Halafu nikaacha kupima kabisa, vijiti vya mashine bei yake unaijua, nikajidai nabana matumizi. Wiki ya tatu naamka kukojoa mara tano usiku, kibao cha daladala sikisomi mpaka gari linanipita, wife akaanza kuninusa mdomo akidhani nimehamia kwenye mbege. Siku nilipokubali kupima, masaa mawili baada ya kikombe, 17.8. Nikasema mashine mbovu, nikanawa mkono nikarudia, 17.6. Nililazwa siku nne, na hela iliyolipa ilikuwa ada ya mtoto. Mwalimu nilipomwandikia akanitoa kwenye grupu. Elfu thelathini yangu hajarudisha.

Nilichokuwa sijakielewa nilikuja kukiona nyumbani kwa shangazi, kitu nilichokiangalia utoto mzima bila kukiona. Kapika uji wa mahindi mzito, kaushusha, kauacha upoe hadi uvuguvugu, halafu katia unga wa kimea cha ulezi na kukoroga. Hata kabla hujamaliza stori yako ule uji unalegea, mwiko uliokuwa unasimama wenyewe unaanguka pembeni, ukilamba ni mtamu na hakuna aliyetia sukari. Sasa huo utamu umetoka wapi? Ni wanga wenyewe, kimea kimeukatakata umekuwa sukari. Yaani haujapungua, umetafuniwa kabisa ili uingie kwenye damu chap. Bakteria wanakuja baadae na hao ni kama mafundi wetu wa ujenzi, wanakula advansi kidogo wanatengeneza asidi, asidi ikiwazidi wanatupa vifaa chini, kazi iliyobaki unabaki nayo wewe.

Piga hesabu. Shangazi anaweka kama kilo moja ya unga kwenye lita kumi, nusu lita ina gramu 50, robo tatu ya unga ni wanga, hapo una gramu 37 hivi, sawa na vijiko vya chai tisa vya sukari. Mimi nilikuwa nakunywa mara mbili na bado najisifia kwa watu sili ugali.

Kwahiyo usiulize kama kitu kimechacha. Uliza kilikuwa nini KABLA hakijachacha. Kama kilikuwa nafaka, bado ni nafaka, iwe togwa iwe uji wa kuchachusha. Kilikuwa maziwa? Maziwa yana sukari yake kama gramu 5 kwenye kila 100, mtindi unapungua kidogo tu, glasi moja ndogo inatosha na iwe ule mtupu usiotiwa sukari wala ladha, ukiona picha ya stroberi kwenye kopo ujue mara nyingi umetiwa sukari nyingine juu. Kilikuwa kabichi, hapo kula kwa raha zako: kilo moja ikatwe nyembamba, chumvi gramu 20, minya kwa mikono mpaka itoe maji, shindilia kwenye chupa maji yafunike, siku kadhaa imechacha. Achari nyingi za dukani hazijachacha, ni siki na mafuta na wakati mwingine sukari, soma nyuma ya kopo. Ukila kipya chochote pima masaa mawili baadae, usibane vijiti kama mimi.

Na kama na wewe kuna mtu wa grupu amekuambia upunguze dawa kisa umeacha ugali, mblock leo leo. Daktari wako aambiwe umekata wanga, kama ni kubadili dozi atabadili yeye.

Hizo lita tano usimwage, ni dhambi, gawia watoto na majirani. Ila zitoke kwenye friji kabla hujalala, mimi saa nane usiku najijua.