Mashine pepe zote zimekata mtandao baada ya kuongeza kadi

Mkuu, kama zilikata zote mara tu ulipochomeka kadi mpya ya PCIe kwenye hosti yako ya Proxmox (kompyuta halisi inayoendesha mashine pepe) basi usihangaike na mashine zenyewe, angalia jina la kadi ya mtandao. Namba za PCI (za nafasi za kadi, ambazo jina hilo hutokana nazo) zinaweza kusogea, iliyokuwa enp3s0 inageuka enp4s0, na briji ya vmbr0 (swichi ya ndani inayounganisha mashine pepe na kadi ya mtandao) bado inatafuta jina la zamani ambalo halipo tena. Kaa kwenye skrini ya hosti maana kwa mbali hutaipata, andika ip link uone jina jipya, nakili kwanza faili la mipangilio ya mtandao, /etc/network/interfaces (tafadhali usiruke hapa, herufi moja tu ikikosewa utakesha), badilisha jina kwenye mstari wa bridge-ports na kwenye ule wa iface, alafu andika ifreload -a ili mipangilio mipya ianze kutumika.