Mmeniuliza: Wazee wa kwenye kalenda

Jumbe zimejaa tena, najibu hizi nne kwanza.

Mwanafunzi, Jinja: Kila tarehe 9 Oktoba, siku ya uhuru wa Uganda, nasikia Obote ndo rais wa kwanza. Kweli?

Hapana bana. 1962 Obote alikuwa waziri mkuu, malkia wa Uingereza bado ndo mkuu wa nchi. Rais wa kwanza ni Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa wa Pili, 1963, tarehe hiyohiyo 9 Oktoba.

Mama wa duka, Masaka: Ati Kabaka alitoroka kwa teksi?

Teksi kabisa mama, we cheka tu. Mei 24, 1966 jeshi likavamia Lubiri, kasri lake pale Mengo, anaongoza Idi Amin kwa amri ya Obote, risasi zinalia, mara mvua kubwa ikashuka, Kabaka akapanda ukuta akarukia nje akasimamisha teksi inayopita, kama mimi na wewe tukichelewa kazini! Akapita Burundi mpaka London, akafia huko Novemba 1969. Na aliyerudisha mwili 1971 ukazikwa Kasubi kwenye makaburi ya wafalme ni nani? Amin huyohuyo. Hapo mi huwa nachoka.

Bodaboda, Lira: Mbona Akii-Bua, yule mkimbiaji, hatumpi siku yake?

Hata mi nauliza ndugu yangu. Septemba 2, 1972, Munich, mita 400 kuruka viunzi, polisi wetu kapangiwa leni ya kwanza kule ndani kabisa ambako kona imebana na kila mkimbiaji anaikimbia kama deni, halafu kwenye mbio kuna David Hemery wa Uingereza mwenye rekodi ya dunia. Jamaa akamaliza kwa sekunde 47.82, rekodi mpya, hakuna mtu alikuwa amewahi kushuka chini ya 48. Alivyomaliza hakukaa chini kupumua, akaendelea kuzunguka uwanja anaruka viunzi kwa raha zake. Dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki hiyo, ya pili tuliingoja miaka 40 mpaka Kiprotich wa marathoni, 2012. Tarehe 2 Septemba mi naiwekea soda, basi.

Baba wa watoto watano, Arua: Aprili 11, siku Amin alipoangushwa 1979, watoto wanauliza vyeo vyake. Vilikuwa vingapi?

Mzee wangu, nikiviandika vyote ukurasa utaisha. Alijiita hadi bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wa baharini, na sisi bahari yenyewe hatuna.