Kabla hamjazitetea barabara za vumbi

Swali lenu la wiki hii, kama barabara za zamani za vumbi milimani ziachwe zilivyo kwa ajili ya waendesha baiskeli na watalii, limenigusa penyewe. Nilipoanza kuandika, jibu langu lilikuwa ndiyo, ziachwe. Mimi ni mtu wa Tanga, na Usambara nimeipanda kwa baiskeli mpaka najua ni kona gani ya Soni upepo utanipiga usoni. Nani asiyeipenda ile njia ya juu, ya kutoka Lushoto kwenda Mtae? Ukishaupita msitu wa Magamba na baridi yake, unatokea Lukozi kwenye mashamba ya kabichi na viazi yaliyotundikwa mteremkoni kama mikeka ukutani. Mbele kuna Sunga, halafu Mtae, pale milima inapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi imelala chini ya miguu yako.

Lakini kila ninapoandika neno mandhari namkumbuka mzee mmoja.

Ilikuwa masika ya 2014. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kati ya Lukozi na Sunga udongo mwekundu ulijaa kwenye magurudumu hadi yakagoma kuzunguka, nikawa nasukuma. Kisha tairi la nyuma likapata pancha, na solusheni yangu ilikuwa imekauka.

Mzee akatokea anasukuma baiskeli yake, tenga la kabichi limefungwa kwa mpira kwenye keria.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pancha?"

Hakungoja jibu. Akaegemeza baiskeli yake kwenye kingo ya udongo, akatoa mfukoni vijiko viwili vilivyopondwa ncha, akachomoa tairi. Akaujaza mpira upepo, akaupitisha polepole karibu na shavu hadi aliposikia unapopumulia. Akasugua kwa kipande cha msasa, akapaka solusheni yake, akapuliza. Wakati tunangoja ikauke, akaligeukia tenga. Alitoa kabichi moja moja, akabandua majani ya nje yaliyoanza kuwa ya njano, akayatupa mtaroni. Anabandua, anaitazama, anabandua tena. Ya kwanza aliishika kwa mikono miwili. Alipomaliza ilimtosha mkono mmoja.

"Gari halijapanda tangu juzi," alisema. "Nazipeleka Lukozi mwenyewe, zitakazofika."

Akaniuliza nimefuata nini huko. Nikamwambia, mandhari.

"Karibu sana," akasema, na aliikaribisha roho yangu yote kwa neno hilo. Pesa alikataa. Akabandika kiraka, akakigonga kwa jiwe, akaondoka na tenga lake.

Ndiyo maana siwezi tena kujibu mlivyouliza. Mmeuliza barabara zinamfaa nani miongoni mwa wageni, na mimi nafikiria zile kabichi. Hata hii barabara ya Mombo hadi Lushoto ilichongwa enzi za Wajerumani, mji ukiitwa Wilhelmstal, na reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Leo ina lami, na maporomoko ya Soni bado unayaona ukiwa njiani. Sijamsikia mtu akilia kwamba vumbi limeondoka.

Basi, barabara ya juu nayo iwekwe lami yote, ingawa mimi sikai kule, na neno la wanaokaa kule lina uzito kuliko langu. Tena iwe lami yenye mitaro ya kweli, maana kwenye miteremko ile maji hayana subira. Hata kati ya Mombo na Soni mvua ikikolea mawe hushuka barabarani. Sitaki lami ya kukatia utepe halafu masika mbili ikabaki mashimo. Hiyo ni mbaya kuliko vumbi, kwa gari na kwa baiskeli.

Ila vijia vya miguu vya ukingoni, kati ya kijiji cha Mambo na Mtae, naomba visiguswe. Huko gari la kabichi halina haja ya kupita, na kwa baiskeli yangu vinatosha.