Rangi ya Kope ya Maji Yenye Gilita: Ijaribiwe Kabla ya Harusi

SWALI: Mhariri wa safu ya urembo, asalaam aleikum. Mwezi ujao nitakuwa mpambe wa dada yangu, nami nimenunua rangi ya kope ya maji yenye gilita. Nilipoipaka mkononi dukani ilimeta vizuri, lakini rafiki yangu anasema gilita huumiza macho. Je, niitumie? Na nitaijaribuje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Hofu ya rafiki yako ina msingi, ila inahusu zaidi gilita ya kupambia kadi, inayouzwa pamoja na vifaa vya shule, ambayo vipande vyake huwa vikubwa na vyenye kingo kali zinazoweza kukwaruza kioo cha jicho. Hiyo isikaribie macho kabisa, hata ikishikizwa kwa gundi ya kope za bandia. Hakikisha boksi la rangi yako limeandikwa kwamba ni ya macho, kisha tafuta mchoro wa kikopo kilichofunuliwa: ukiwa na 6M, itumike ndani ya miezi 6 tangu kufunguliwa.

Katika rangi ya maji, chembe zinazometa, ambazo mara nyingi ni za plastiki nyembamba au madini ya maika, huchanganywa na kinato. Maji yakikauka, kinato hicho hubaki kama utando unaozishika, na ndiyo sababu hazipukutiki ovyo kama gilita kavu. Utando huo, hata hivyo, haushiki vizuri penye mafuta, na ukiguswa ungali mbichi huchanika na kuacha mabaka. Kwa hiyo, ikiwa mtakuwa mmejisinga siku hiyo, safisha kope na uzikaushe kwanza. Paka rangi ya unga isiyometa, weka tone dogo la gilita katikati ya kope, ligongegonge kwa ncha ya kidole, kisha tazama chini mpaka likauke, kwani ukiinua macho mapema rangi itahamia kwenye mkunjo. Mimi nashauri ibaki hapo katikati tu. Ikifika pembe ya ndani, machozi huibeba na kuiingiza jichoni.

Jaribio la mkononi halitoshi, kwa sababu ngozi ya kope ni nyembamba mno. Ipake kwanza nyuma ya sikio na usubiri siku nzima. Ngozi isipowasha, chagua siku ya kawaida, ujipambe kope kikamilifu na ukae nayo kwa saa zote ambazo sherehe itachukua, ukifanya kazi zako katika joto lile lile la Tanga, ndipo utajua kama inadumu. Jicho likiwasha au kuwa jekundu, iondoe na usiirudie tena. Kipande kikiingia ndani, suuza kwa maji safi bila kusugua, na maumivu yakiendelea nenda hospitali.

Wakati wa kuiondoa, bandika pamba yenye mafuta ya kusafishia vipodozi juu ya kope iliyofumbwa, isubiri ilainike, ndipo uifute taratibu kuelekea chini. Kama unavaa lenzi, zivue kwanza.

Na kwa kuwa wapambe mtakuwa wengi, kijiti cha kichupa hicho kisipite kutoka jicho la mmoja hadi la mwingine. Dondosheni rangi kwenye kisahani safi, kila mmoja achukue kwa brashi yake.